Nilitoa kupe wanene, nikawaacha wadogo wanenepe kwanza

Wakuu, asalaam aleikum. Leo naandika huku nacheka peke yangu. Ni kweli tupu, na aibu yangu nimeiacha humo humo.

Nafuga ng'ombe wawili hapa Msambweni: mama na mtamba wake, Tunu. Mama amezeeka, kwa hiyo Tunu ndiye tegemeo letu la maziwa ya kesho.

Kila asubuhi niliwatoa kupe kwa mkono, nikiwatia katika kopo la mafuta ya taa. Lakini nilichagua wanene tu, wale wa kijivu kama mbegu za mbarika.

Wadogo hawakushikika vizuri vidoleni. Nikawaambia, "Nenepeni kwanza, tutaonana Ijumaa."

Subirini, msicheke bado.

Wiki iliyopita Tunu aligoma kula. Mwili moto, tezi chini ya sikio imevimba kama yai.

Shemeji yangu Mejumaa akapiga kelele uani, "Shemeji, wewe na kopo lako! Ng'ombe anakufa, wewe wafuga kupe!"

Nikampigia daktari wa mifugo, mama mmoja wa Lunga Lunga. Akaja na bodaboda, akamdunga Tunu sindano, kisha akatia kidole sikioni. Akatoa vidudu vya kahawia, vidogo kama ufuta, akavipanga kwenye sahani nyeupe kando ya wanene wangu.

"Bwana, hawa ni jamii moja," akasema. "Huyu mnene ni jike aliyeshiba. Amenyonya siku nyingi. Kama ana ugonjwa, ameshauacha. Huyu mdogo ndiyo kwanza anaanza. Mtoe huyu mapema."

Wakuu, niliinamia sahani ile kama mtoto! Kumbe dume hanenepi vile hata akinyonya. Kuna na vijana wao, wadogo zaidi, nao huambukiza. Hata wa rika moja hawalingani: aliyeshiba utotoni huwa mkubwa, aliyekosa hudumaa.

Siku tatu Tunu alilala tu, nami sikuonja usingizi.

Jana akasimama. Akala majani, kisha akaitafuna leso ya Mejumaa kambani! Mejumaa ataka leso mpya, mimi nacheza chakacha uani.

Basi, ndugu zangu, usimsubiri kupe anenepe. Pitisha kidole ndani ya sikio polepole, hata palipo kama chunusi, na dawa ya kunyunyiza isichelewe. Kama ulikosea kama mimi, usijilaumu, anza leo.

Nyinyi wa Jego na kwingineko, kupe mdogo kabisa uliyewahi kumwona alikuwa kama nini? Semeni, sahani ninayo.