Mchoro wa Gauni la Dada

Mtaani walimwita Fundi Kimya. Mteja akiingia, fundi huyu wa nguo aliinua tepu kabla ya kuinua macho. Suruali ikimbana mtu, alikuwa radhi kuifumua yote na kuishona upya kuliko kumwambia kwamba amenenepa.

Dada yake mkubwa, mjane wa miaka mingi, alipompigia simu kutoka mji wa mbali, alikuwa akicheka kama msichana. Amepata mchumba. Anataka jambo moja tu: gauni la harusi lichorwe na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea na kumnunulia mkasi wa kwanza. Kitambaa anacho, cha manjano. Mshonaji yuko hukohuko. Mchoro tu.

Fundi alichora kwenye kompyuta, akautuma mchoro kama picha. Kule ulipokuzwa, tao la kwapa likawa na meno kama ngazi. Akaubandika mchoro halisi wa mistari ndani ya waraka. Ukafika kisanduku kitupu.

Jirani yake, fundi kompyuta waliyemwita Waya, alimweleza kwamba picha ni vitone, ukivivuta vinaonekana kimoja kimoja. Mchoro wa mistari ni maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, kompyuta huuchora upya kwa ukubwa wowote. Namna ya kuandika maelekezo hayo ni ya wazi, haina mwenyewe. Lakini kampuni za vivinjari na za programu za kuandikia zilikuwa kila moja ikivutia kamba kwake, na nyingine zilikataa kuyasoma.

"Wapiganapo tembo, nyasi huumia," Waya alisema. "Safari hii nyasi ni gauni la dada yako."

Harusi ilikuwa imekaribia, na Fundi ameanza kuota ngazi, pale Waya alipoingia mbio, ndala moja mguuni. Kampuni kubwa, ile iliyokuwa na kiburi kuliko zote, imekubali. Toleo jipya la programu zake linapokea mchoro wa wazi, kwenye waraka na kwenye kivinjari.

Mchoro ukatumwa. Dada akajibu kwamba umefika, mzuri kama umepigwa pasi. Fundi akaukuza wake pale dukani. Kola ikajaza kioo cha kompyuta, ukingo safi. Akakuza kifungo mpaka kikawa kama mwezi, na bado hakikuwa na jino hata moja. Watu wazima wawili wakashangilia kifungo, mteja mlangoni akidhani kuna mpira.

Kisha simu ikaita tena.

"Mdogo wangu," Dada alisema, "hebu niambie ukweli. Umenichora mimi, au mimi na mawifi zangu wote?"

Gauni lilikuwa hema. Mshonaji alikuwa amebonyeza kitufe cha kukuza wakati wa kuchapa. Ingekuwa picha ya vitone, ukungu ungewashtua. Lakini mistari ilitoka safi hata hawakutia shaka. Kitambaa kilipopungua, Dada aliongeza kingine. Mshonaji alisema pengine kwa akina Fundi wanapenda nafasi.

Fundi alijua kosa ni lake. Mchoro wa nguo huwekwa kimraba cha kupimia pembeni: weka tepu, kisipolingana na kipimo kilichoandikwa usikate. Yeye alikiacha, kwa sababu kimraba kingehitaji maelezo, na maelezo yangehitaji maneno.

"Mpe mshonaji simu," akasema.

Akaongea. Alisema wafumue, watandaze, wasiguse mkasi mpaka mchoro mpya ufike, na tepu ilale juu ya kimraba kwanza. Kubwa hupunguzwa, alisema, asilie mtu. Alisema mambo ya kiuno, ya pindo, ya mkono wa kushoto. Waya alikaa chini. Hakuwahi kumsikia akimaliza sentensi tatu mfululizo.

Siku ya harusi gauni lilimkaa Dada kama ganda la tunda. Fundi, aliyekuwa amepanga kukaa nyuma ya nguzo, alipokelewa mlangoni na mshonaji ameshika shati. Manjano tupu. Masalia ya hema.

Dada alimvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo kama zamani. "Haya, jifiche sasa," alisema.

Fundi alitazama nguzo, akatazama shati, akacheka mpaka kifungo cha juu kikafunguka. Kisha akaenda kusimama mbele, kando ya Dada.