Sanda ya Mama, Bendera ya Wizara

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la serikali. Alipouawa njiani, madukani mtaani kwetu Buyenzi hapakuwa na kitambaa cha sanda. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka ili kuwaadhibu wakubwa wetu. Wakubwa waliendelea kunywa bia. Tuliokosa ni sisi wenye maiti. Nguo nyeupe tulizozikia watu wetu zilifumwa mbali, na watu wasiojua Burundi iko wapi. Zilipoacha kuja, nikaona kwamba nchi hii inayojisifu redioni asubuhi na jioni haiwezi hata kumvisha mfu wake.

Kitambaa hakikuja, lakini bendera ilikuja. Aliileta mtu wa wizara kutoka ofisi za mtaa wa Rohero, amefunga tai, ili aifunike maiti. Kwenye pindo ilikuwa na alama ya kiwanda cha ng'ambo. Hiyo mpaka haukuizuia.

"Marehemu alikuwa mutoto wa taifa," akamwambia mama.

"Mutoto wa taifa? Juzi alipoomba kitambulisho mulimuambia arudi kwao Kigoma. Mi nilimuzaa mu chumba hiki!"

Mjomba, aliyekuwa anasubiri kumkafini, akaipapasa bendera. "Dada, basi tumukatie hii."

"Apana. Nailoni hiyo, atatoka jasho."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mtu wa wizara alitazama viatu vyake.

Ndipo mama alipovuta sanduku la chini ya kitanda. Ndani ilikuwamo sanda yake mwenyewe, aliyorudi nayo kutoka hija na kuiweka, kama wafanyavyo bibi zetu wengi. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, ya mwanamume vitatu. Akatoa vitatu.

"Na we mama?" nikamuuliza.

"Mi nitangoja wafungue mipaka."

Makaburini, kabla hatujamshusha kaka, mtu wa wizara aliikunja bendera, akaitia kwapani. Ilikuwa inasubiriwa kwenye msiba mwingine, mtaa wa Kinanira. Dua hakuingoja. Kwa hiyo taifa lilimlilia kaka yangu kwa muda wa safari ya gari, na mama alimvisha kwa nguo aliyojiwekea yeye.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama. Alikuwa anakunja vile vipande viwili vilivyobaki.

"Ile bendera," akasema, "ikitoka kwa huyu ikaenda kwa yule, wanaifuaga lakini?"