Upinde wa Paini

Upinde mmoja ulinigharimu mbao nne za sanduku, ngozi ya mbuzi, ukucha wa kidole gumba cha kushoto na siku ishirini na moja za ujana wangu. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, maana mimi hata salamu nazihesabu. Saa ya mkono sijaiweka humo. Hiyo ndiyo iliyoleta hasara yote, na utaisikia sasa hivi.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Nilikuwa stesheni ya Tabora, kijana wa miaka ishirini na miwili, na upinde wa babu begani. Babu alikuwa nyumbani kwetu Ipole, naye alinituma mjini niutafutie upote mpya, yaani ile kamba ya kuuvutia, kwa fundi wa ngozi. Abiria mmoja wa treni ya Kigoma akauona. Akaushika, akaugeuza, akavua saa yake na kunionyesha. Nikamwambia upinde huu hauuzwi. Akaongeza mkanda wa saa wa akiba. Nikamwambia basi, chukua.

Usinicheke bado. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu, na hesabu yenyewe kwenye karatasi ilikuwa safi: upinde ni mti na kamba, miti Ipole haiishi, mikono ninayo miwili. Nitatengeneza mwingine, nitautundika kwenye msumari uleule, na saa itabaki mkononi. Macho ya babu yalikuwa yameshaanza ukungu. Hilo nalo nililiweka kwenye hesabu, na mpaka leo linanitia haya.

Sasa nikwambie upinde ule ulikuwa wa nini. Katika ukoo wetu, mkubwa wa nyumba akiona nguvu zinamwisha hukaa na ndugu baada ya mavuno, akamkabidhi upinde atakayeshika nafasi yake. Anayekabidhiwa huuvuta mara tatu mbele ya watu, mpaka mkono ufike sikioni. Ukivunjika, shughuli inasimama hadi mavuno yajayo. Upinde wa kwanza ulikwenda pwani na kurudi na babu wa babu yangu, mpagazi wa misafara. Wa pili ulitengenezwa ule ulipokufa. Niliouuza mimi ulikuwa wa tatu, na babu aliuchonga mwenyewe alipokuwa kijana. Baba yetu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo zamu ilikuwa ya kaka yangu Yakobo. Zilibaki wiki tatu. Babu alikuwa anakohoa asubuhi na jioni, na hakuna aliyesema kwa sauti, lakini sote tulijua mavuno ya mwaka unaofuata hatayaona. Hawezi Yakobo kusema neno la nyumba kwenye kikao cha ukoo kama hakukabidhiwa, na ndugu wa upande wa pili wa ukoo walikuwa wanaisubiri nafasi hiyo kama watu wanaosubiri treni.

Nilirudi Ipole nikadanganya kwamba upinde umebaki kwa fundi. Babu akaitikia shikamoo yangu.

Upinde wa kwetu huchongwa kwa mti wa mkole. Tatizo ni kwamba mkole ukiukata leo ni mbichi, na hukaa kivulini miezi kabla haujafaa. Mimi miezi sikuwa nayo. Nilikuwa na mbao za paini, za sanduku refu lililokuja na mashine kwa treni, kavu kabisa, nilizokuwa nimezinunua niuze kwa mafundi wa vitanda. Mti laini, kisu kinaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Nikafurahi. Nikajificha nyuma ya zizi, nikachonga upinde kwa vipimo nilivyovikumbuka vya ule wa mkole: upana wa vidole viwili, mviringo, mwembamba kwenye ncha. Siku ya tatu nikauvuta. Ukalia kama mtu aliyekanyaga kuni, nikabaki na vipande viwili.

Wa pili nikaufanya mnene zaidi. Siku tatu nyingine, ukavunjika palepale, na kipande kikaondoka na ukucha. Wa tatu nikaupaka mafuta, nikaukausha juu ya moshi. Huo ulinipa matumaini mpaka nusu ya mvuto. Siku tisa zimekwenda, zimebaki kumi na mbili. Nikahesabu tena kwa vidole, kwa kuruka kile kilichofungwa kitambaa. Kumi na mbili.

Wakati nakusanya vipande vya ule wa tatu nikasikia babu ananiita kutoka barazani. Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaelekeza sikio kule nilikotoka.

"Mfanyabiashara," akasema, "umevunja mitatu. Wa nne utauvunja lini, nijue nisilale?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Msumari wangu mtupu siku tisa, na mtoto wa mwanangu anachonga kwa kujificha. Unadhani nilipoteza macho na akili siku moja? Umeuza kwa nini?"

Nikamwonyesha saa. Akaiweka sikioni, akasikiliza, akanirudishia. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Alisema upinde wenyewe haumuumi, kwa kuwa mti hufa na mwingine huchongwa; mbona huo ulikuwa wa tatu. Kinachomuuma ni kwamba nilitaka Yakobo avute mbele ya ukoo kitu nilichojua mimi peke yangu ni nini. Angevunjikiwa mkononi, na aibu ingekuwa yake. Kisha, mwanangu, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanyoosha mkono, akataka vipande.

Alivipapasa muda mrefu. Akavinusa. Akavunja kijiti kimoja, akasikiliza mlio wake, akavunja kingine. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kugusa paini. Nikaona uso wake umebadilika, amekuwa kama mtu aliyeletewa mgeni kutoka mbali na anataka kujua kwao wanakula nini.

"Hebu niambie," akasema. "Huu mti umeuuliza unataka unene gani? Au umeuvalisha nguo ya mkole?"

Basi tukaanza kuuliza, yeye na mimi. Siku nzima ya kwanza ilikwisha kwa kuchagua ubao tu. Nilileta zote zilizobaki, akapitisha kucha juu ya kila mmoja akifuata nyuzi za mti. Zilizokimbilia pembeni akazitupa. Akabakiza mmoja, ambao nyuzi zake zilitoka kichwani zikafika miguuni bila kupotea, na bila jicho la tawi hata moja. Mimi ningeuza zote kwa bei moja.

Siku nne tulichonga. Mkole ni mgumu, akasema, kwa hiyo unabeba kazi katika upana mdogo. Mti laini mgawie mzigo. Tukaufanya mpana vidole vinne, bapa kama mkono wa mwiko, na mrefu kunipita mimi kwa shibiri moja. Mgongo wake, ule upande unaomtazama unayemlenga, hatukuugusa kwa chuma hata kidogo. Huko ndiko nyuzi zinakovutika, ukikata moja umefungua mlango. Tulipunguza tumbo tu, upande unaokutazama wewe, kwa kukwangua na kipande cha chupa. Kila nikikwangua kidogo nauvuta kidogo, mara thelathini, namwelezea ncha ipi imepinda zaidi, naye anasema kwangua ile nyingine. Niliwahi kuvuta ishirini na sita nikasema thelathini. Akasema, bado nne.

Kisha tukachukua ngozi mbichi ya mbuzi, iliyokwanguliwa manyoya, tukaibandika mgongoni kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa. Siku nne kivulini. Siku tatu za mwisho nilikwangua, nikavuta, nikaupaka nta ya nyuki. Nilimuuliza babu kama utafika sikioni. Akasema hajui. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hajui, na alilisema kwa raha.

Siku ya kukabidhi ndugu walijaa uani. Yakobo alipouona upinde akacheka, akauliza ni upinde au ngazi. Babu hakumpa. Alinipa mimi kwanza.

"Waambie ni mti gani, na kwa nini," akasema.

Nikasimama. Nikasema ni paini, mti wa sanduku, na ule wa zamani ulipata ajali kidogo mjini. Nilikuwa napunguza, kama nilivyozoea. Babu akakohoa.

"Bei yote, mfanyabiashara."

Nikaisema yote, stesheni, abiria, saa, na mkanda wa akiba. Hakuna aliyecheka. Ndugu mmoja wa upande wa pili akasema basi hapo hakuna upinde, tukutane mwakani. Yakobo alinitazama muda ambao sikuweza kuuhesabu. Halafu akaja akauchukua mkononi mwangu, akasema, "Kama babu ameushika, naushika."

Akavuta mara ya kwanza, ukafika sikioni. Mara ya pili. Mara ya tatu ukalia, kr, na watu wote wakasikia. Yakobo akasimama vilevile, mkono sikioni, jasho linamtoka, mpaka babu aliposema shusha. Ulikuwa mzima. Babu hakufika mavuno yaliyofuata.

Mwanangu, ninachokupa ni hiki. Kitu laini si kibaya. Kibaya ni kukipa vipimo vya kigumu kisha ukakilaumu. Ndivyo ilivyo kwa mti, kwa mke, kwa mtoto, kwa rafiki wa biashara. Kabla hujakikata, kiulize. Na ukiharibu cha wenzako, taja bei yote wewe mwenyewe, mapema, kabla hakijamvunjikia mwingine mkononi. Mungu akujalie mikono yenye subira, akupe mtu wa kukwambia bado nne, na akupe masikio ya kumsikia.

Nami nina swali, nisaidie. Yakobo amezikwa mwaka huu, na baada ya mavuno mwanawe atakabidhiwa upinde na mimi, mkubwa niliyebaki. Nimeupapasa tumboni nikakuta mikunjo midogo iliyokatiza nyuzi, dalili ya mti unaoelekea kuvunjika. Nimehesabu saba, nikarudia nikapata tisa. Wengine wanasema ashike tu, asivute. Wengine wanataka nichonge mpya, na muda upo, hata wa mkole. Mimi natamani kijana auvute huuhuu mara tatu, tuone. Lakini sitaki tamaa yangu ya kujua imvunjie mtoto wa watu zamu yake. Wewe ungefanyaje? Niambie kabla ya mavuno.