Mwamuzi Mwenzangu Alinipa Mgongo

Mwamuzi mwenzangu wa Jumapili ile alinipa mgongo, na mpaka leo, nikiwa mama mwenye mvi na miwani, nikiukumbuka mgongo ule ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi, damu yangu huchemka.

Ilikuwa Kamina, mji wa reli katika nchi yetu ya Waluba, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule ya ualimu kwa masista, nikarudi kufundisha wasichana wadogo wa misheni. Shuleni kwetu tulicheza mpira wa kikapu, na sista mmoja aliyechoka kukimbia alinifundisha kuamua ili yeye akae kivulini. Nikaja kupenda kuamua kuliko kucheza. Nilipenda kwamba katikati ya kelele zote zile kulikuwa na sheria, na kwamba aliyeijua sheria na kuona kwa macho yake alisikilizwa, hata kama alivaa sketi.

Mashindano yenyewe ya mji yalichezwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Mvua zilipoanza, waamuzi wenye kadi, kile kibali cha kamati cha kuamua, walipumzika, na uwanja wa mtaa wa wafanyakazi wa reli ukabaki wa yeyote aliyeutaka: makarani, wauguzi, walimu, wasichana waliomaliza shule. Tuliiita michezo ya mvua. Mistari ilichorwa kwa majivu baada ya misa ya Jumapili, ikafutwa na mvua ya Jumatatu. Penye dimbwi mpira haukudunda, ulitua tu kwa sauti ya kofi. Mwenyekiti wa kamati ya michezo, mzee wa Kimethodisti aliyekuwa karani mkubwa katika ofisi za reli, alikubali nijaribiwe katika michezo hiyo. Aliniambia waziwazi: mvua zikiisha, na waamuzi wenzangu wakisema kwamba wanaweza kufanya kazi nami, nitapewa kadi ya kiangazi. Wakisema hapana, basi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja mwenye kadi. Niliitaka kadi ile kuliko vitu vingi nilivyokuja kuvipata baadaye maishani.

Bahati yangu, basi, ilikuwa midomoni mwa watu nisiowajua. Waamuzi ni wawili: mmoja hutangulia akasimama chini ya kikapu, mwingine huufuata mchezo kwa nyuma, na mpira ukigeuka nao hugeuka. Anachokiona mmoja, mwenzake hakioni. Ndiyo sababu ni lazima watazamane. Waliozoeana hutazamana bila kufikiri. Mimi kila Jumapili nilipewa mtu mpya. Kulikuwa na mwalimu aliyepuliza filimbi kama anayewapanga watoto mstarini. Kulikuwa na muuguzi aliyeyaogopa mabega ya wachezaji, na karani kijana aliyenifuata kila niendako mpaka tukajikuta wote wawili chini ya kikapu kimoja, na nusu ya uwanja haina mwenyewe. Nilivumilia. Nilijifunza kumwendea mgeni kabla ya mchezo, kumsalimu, na kukubaliana naye kwa maneno machache: nani anaanza chini, nani anaangalia mstari upi, na filimbi mbili zikilia kwa pamoja, asiwepo anayeonyesha ishara kabla hatujakutana uso kwa uso.

Huyu wa shati jeupe alikuwa amehamishwa kutoka Bukama kuja kuuza tiketi katika stesheni yetu. Ilisemekana kwamba kule aliamua vizuri. Siku hiyo wauguzi wa hospitali walikuwa wakicheza na makarani wa reli. Nilimkuta mstarini akifunga kamba za viatu vyake.

"Jambo, dada. Njo weye tutatumika pamoja leo?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu: ndiye wewe tutakayefanya kazi pamoja?

"Njo minyi," nilisema. "Nani anaanza chini?"

"Anza weye, minyi nitafuata. Na filimbi zikilia mbili, tuonane kwanza."

Alilisema mwenyewe kabla yangu. Nilifurahi kama mtu aliyepotea sokoni akasikia lugha ya kwao. Nikajiambia kwamba hatimaye nimempata mtu anayeijua kazi.

Hapo ndipo muuza karanga aliyekaa kwenye mbao za watazamaji, jirani wa zamani wa ukoo wetu, alipopaza sauti.

"Ee, baba ya tiketi! Unasemesha mukwe yako hivyo, macho wazi?"

"Mukwe gani?" aliuliza.

"Ule! Iko mudogo ya mama ya bibi yako! Tumbo moja!"

Ilikuwa kweli. Dada yangu mkubwa, aliyenizidi umri kiasi cha kuweza kunizaa, alikuwa amemwoza binti yake huko Bukama nilipokuwa bado bwenini. Sikuwahi kumwona bwana harusi, kumbe ndiye huyu, na binti mwenyewe alikuwa bado huko akingoja mumewe apewe nyumba. Kwetu Waluba mdogo wa mama ni mama. Mimi, msichana wa miaka ishirini na kidogo, nilikuwa mama mkwe wa mwanamume mwenye masharubu. Na bukwe, ile heshima iliyopo baina ya wakwe, ilimkataza kunitazama usoni, kunikaribia na kubishana nami.

Watazamaji wakaangua kicheko. Yeye akaweka mkono usoni, akageuka, akanipa mgongo. Na hivyo ndivyo tulivyoanza.

Siwezi kueleza ni kitu gani kuamua mchezo na mgongo wa mtu. Nilipopanda, alishuka. Nilipotoka chini ya kikapu kwenda pembeni, alikimbilia nyuma ya mlingoti wa kikapu. Mara mbili mpira ulitoka upande wake, naye alikuwa akiitazama njia ya stesheni. Nikawa nakimbia peke yangu, sketi imejaa matope hadi magotini, huku mtu mmoja akipiga kelele kila nilipopita: "Mama mukwe, polepole, utaanguka!"

Karibu na mwisho, makarani wakiwa mbele kidogo, muuguzi mmoja aliruka kufunga. Kapteni wa makarani akamsukuma kwa bega akiwa hewani. Niliona, nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi ikimtoka. Nikapuliza. Filimbi ya mwenzangu ikalia papo hapo. Nikangoja aje, kama tulivyopatana. Hakuja. Alisimama nyuma ya mlingoti, na aliyekuja mbio badala yake alikuwa kapteni mwenyewe, yule yule aliyesukuma.

"Mama, mukwe anasema ule mutu alitembea na mupira."

"Mwambie alisukumwa kwanza."

Akaenda, akanong'ona, akarudi ana uso wa mtu wa kanisani.

"Anasema sawa, mama. Mupira iko ya kwetu."

Hata wauguzi walicheka. Nikamwacha kapteni nikaenda mwenyewe kwa mwenzangu. Akauzunguka mlingoti. Nikauzunguka. Akaingia katikati ya watazamaji, nami nikasimama kwenye mstari wa majivu, filimbi mkononi, wanawake wakipiga vigelegele.

"Umuache, mama! Atakufa na haya!"

Sauti yake ikatoka nyuma ya vichwa vya watu: "Mambo yote ya mama iko sawa! Yote!"

Muuguzi akapewa mitupo yake, akaifunga, wauguzi wakashinda. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini hakuna aliyesema hivyo. Walisema wauguzi wameshinda kwa bukwe.

Mwenyekiti alituita chini ya paa la ghala lililokuwa kando ya uwanja, mimi ndani, mwenzangu nje, ukuta ukiwa kati yetu. Alimwuliza kama anaweza kufanya kazi nami.

"Hapana, papa," alijibu kutoka nje. "Ni heshima. Siwezi kukatalia mukwe."

Mwenyekiti akanigeukia kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi. "Unaona, mwanangu. Unajua sheria, lakini mji huu wote ni ndugu zako. Leo mukwe, kesho nani? Pumzika kwanza."

Nilimwuliza kwa nini nipumzike mimi. Anayeshindwa kutazama ni yeye. Macho yangu hayana shida. Akatabasamu. Nikamkumbusha jambo ambalo kila mtu chini ya paa lile alilijua: bukwe hufunguliwa. Mkwe huleta kuku, kuku hupokewa, na baada ya hapo watu hutazamana na hata kula pamoja. Akasema hayo ni ya ukoo, si ya kamati.

Dada yangu alimpelekea mkwe wake ujumbe kutoka Bukama: lete kuku, mambo yaishe. Alijibu kwa adabu kubwa kwamba atangoja mke wake afike. Akangoja, nami nikangoja. Jumapili baada ya Jumapili nilisimama nje ya mstari kati ya wauza karanga, filimbi mfukoni, nikimtazama akifanya kazi na yeyote aliyeokotwa: mmoja aliyefika akinuka pombe, mwingine aliyeuliza kwa sauti kama mpira ukigonga ubao umekufa. Alipatana nao wote. Aliwaeleza, aliwangoja, aliwasaidia kwa jicho. Na alikuwa hodari, hilo lazima niliseme. Mvua zilianza kupungua. Nilikuwa ninaipoteza kadi yangu kwa sababu ya kuku mmoja, katika mji ambao kuku walitembea mpaka chini ya viti vya kanisa.

Siku moja shule ilipofungwa, niliamua kwenda Bukama kumleta dada yangu aje aseme mwenyewe. Nikapanga foleni stesheni. Nilipofika dirishani, ndani ya wavu alikuwa yeye, kofia ya kazi kichwani. Akainua uso akanitazama machoni, sawasawa, kama anavyotazamwa mtu yeyote.

"Unaenda wapi, mama?"

"Unaniangalia," nilisema.

"Hapa niko ku kazi, mama."

"Na kule uwanjani tulikuwa wapi?"

Alirekebisha kofia. Nyuma yangu mwanamke mwenye kikapu cha samaki wakavu alinigusa mgongo: "Mama, ongea mbio, treni itatuacha!"

"Kule ni muchezo tu," alisema. "Unaenda wapi?"

Sikwenda popote. Nilitoka kwenye foleni nikasimama kwenye jukwaa. Mtu yule alipiga pasi shati lake kila Jumapili. Alikuwa tayari kubishana na mwenyekiti juu ya unene wa mstari wa majivu. Alipokuwa na mlevi kando yake, uwanja ulikuwa kazi. Mimi nilipoingia ndipo ulipogeuka mchezo, nayo heshima ikapata nafasi ya kutosha. Kama ingekuwa heshima kweli, angefunga dirisha la tiketi aliponiona. Lakini dirisha lilikuwa na bwana mkubwa na mshahara, na uwanja ulikuwa na mimi.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwenyekiti. Alikuwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji. Nikamweleza yaliyotokea. Aliposikia neno la mwisho alitoa miguu kwenye maji.

"Alisema muchezo?"

"Alisema, 'Kule ni muchezo tu.'"

"Uwanja wangu?"

Mzee yule alikuwa ameuomba uwanja ule kwa wakubwa wa reli kwa miaka, kofia mkononi. Alisimama akavaa viatu bila soksi. Akasema kwamba mtu anayeona mpira wa kikapu ni upuuzi hatashika filimbi Kamina: ama alete kuku, ama aiache. Juu yangu hakusema kitu. Nilikuwa nimemwambia kwa wiki nyingi kwamba nimedhulumiwa, na halikumpandisha hata nyusi. Sasa ametukanwa yeye, na haki imepata miguu. Niliikubali haki ile kwa sababu nilikuwa na haja nayo. Sikuipenda.

Jumamosi binamu wa mkwe wangu alileta kuku, jike jeupe jembamba, kamba mguuni. Mama yangu akasema maneno yanayosemwa, nikampokea.

Kesho yake, Jumapili ya mwisho ya michezo ya mvua, mwenye shati jeupe alinijia mstarini, akanitazama.

"Nani anaanza chini, mama?"

"Weye," nilisema.

Ningependa kuandika kwamba alifanya kazi vibaya. Hakuna mtu niliyewahi kufanya naye kazi vizuri kama yule siku ile. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kugeuka. Nilipohitaji jicho, jicho lilikuwepo. Filimbi zililia mbili mara moja tu. Tukakutana katikati, akasema, "Weye uliona karibu," akarudi mahali pake. Watazamaji walikosa cha kucheka wakala karanga zao. Na kila jambo lilivyokwenda sawa, ndivyo hasira ilivyozidi kunipanda, kwa kuwa sasa nilijua ni nini hasa alichoninyima Jumapili zote zile, na jinsi ambavyo kingemgharimu kidogo.

Baada ya mchezo mwenyekiti alimwuliza mbele yangu, kana kwamba mimi ni ng'ombe anayenunuliwa: "Unaweza kutumika naye?"

Alinitazama. "Ninaweza, papa. Anaona muzuri."

Ndipo nikapewa kadi, kwa kinywa chake. Nilishukuru, maana nimelelewa kushukuru.

Nyumbani mama alikuwa amemfungia kuku yule kibandani. Alitaka afugwe, atage, awe ukumbusho wa ukoo. Nilimtoa nimemshika mguu. Mama akaniita jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Nikamchinja nyuma ya jiko kabla ya giza kuingia, nikamnyonyoa mwenyewe, filimbi ikiwa bado inaning'inia shingoni.