Ushuhuda Ambao Baba Hakuumalizia

Baba yangu ni mchungaji wa kanisa dogo huku Mtunda. Waumini wake wengi ni wageni kama sisi: walimu, manesi, vibarua wa korosho. Jumapili anahubiri hapa asubuhi, halafu anapanda baiskeli kwenda Ruaruke kuhubiri tena. Katikati ya wiki ana wagonjwa, ndoa zenye ugomvi na misiba. Mwaka jana alianza kusinzia akila, tonge mkononi.

Jirani yetu Mndengereko, Mwislamu mwenyeji wa hapa, mama muuza vitumbua, alimwona akiikokota baiskeli hata pasipo na tope.

"Baba mchungaji, hata Ramadhani ina Idi yake. Wewe Idi yako lini?"

Baba alicheka. Tulipoingia ndani akaniambia, "Wazee wa kanisa hawajawahi kuniuliza hilo." Akaamua kuomba mwezi mmoja wa kupumzika.

Kanisani kwetu mwenye neno husimama wakati wa ushuhuda, na ushuhuda lazima uishe kwa ushindi: niliumwa, nimepona, nilikosa, nimepata. Jumapili iliyofuata akasimama baba.

"Bwana asifiwe. Ndugu zangu, nimechoka. Nawaombea, lakini moyoni sisikii kitu. Naomba mwezi mmoja nipumzike."

Watu wakangoja. Mzee wa kanisa akasema kwa upole, "Malizia, mtumishi. Bwana ametenda nini?"

"Nimemaliza."

"Bado. Hujasema ushindi."

"Sina."

Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Hiyo ni roho ya uchovu!" Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakaiamuru itoke. Nilitaka kusema mwacheni, hana pepo, hajalala tu. Lakini mbele za watu ulimi wangu hukauka. Mtu akaushika mkono wangu akauweka begani kwa baba. Sikuutoa. Shati lilikuwa limelowa, na chini yake nikagusa mfupa.

Wakakemea mpaka baba akapiga magoti. Nadhani miguu ilimshinda tu. Ndipo akasema, "Nimepona."

Makofi na vigelegele. Mzee akatangaza siku tatu za kanisa zima kufunga kwa shukrani, kuanzia saa ile. Wa kuziongoza, baba.

Mchana akatoa baiskeli kwenda Ruaruke. Jirani akamuuliza, "Wamekupa Idi yako?"

"Wameniombea."

Yule mama hakutania tena. Akamfungia vitumbua viwili kwenye gazeti. Baba akashukuru, akageuka akanipa mimi, akaondoka.

Nikavila vyote.