Nilikwama Ndani ya Gauni la Bibi Harusi

Umewahi kushikwa na nguo?

Nasema nguo yenyewe ikushike, ikatae kukuachia, na mwenye nguo yuko njiani anakuja kuichukua.

Mimi yalinikuta Ijumaa moja mwaka jana, hapa Migori mjini, saa tisa mchana. Mwenye gauni ameniruhusu kusimulia. Aliniomba tu nisitaje kanisa, na sitalitaja.

Naitwa Kemuma. Ni fundi wa nguo.

Kibanda changu kiko kwenye safu ya vibanda vinane, vyote ndani ya ua mmoja wenye geti moja. Mwenye jengo ni Msabato, mimi Msabato, na wapangaji karibu wote ni Wasabato. Kwa hivyo Ijumaa saa kumi na moja jioni mlinzi wetu, mzee Mniko, hufunga geti, na halifunguliwi mpaka Jumapili asubuhi.

Mniko mwenyewe haendi kanisa lolote, lakini kwa kufunga geti ana dini kuliko sisi sote.

Kazi iliyonipa jina ni gauni za wabunifu wakubwa. Mteja ananiletea picha kwenye simu, gauni lililovaliwa na staa fulani huko Ulaya. Mimi natafuta pattern inayofanana nalo, yaani ile bahasha yenye karatasi laini za kukatia. Nabadilisha shingo, narefusha mkono, naongeza lesi. Siku ya sherehe watu wanauliza hilo gauni limetoka nchi gani.

Limetoka Migori, nyuma ya stendi.

Lakini niseme ukweli. Hizo karatasi nilikuwa nimezitumia miezi michache tu. Sisi tulifunzwa tepu na chaki: unampima mtu, unachora kwenye kitambaa, unakata. Karatasi zikanipa kiburi. Nikaanza kuona tepu ni mambo ya zamani.

Sasa sikia.

Wiki tatu kabla ya ile Ijumaa alikuja mama mmoja kutoka Homa Bay na binti yake. Binti anaitwa Linet, na alikuwa anaolewa. Mama Linet ni mtu wa baraza la kanisa, mrefu, mpole wa sauti, lakini akikutazama unajikuta umefunga vifungo vyote.

Picha aliyoleta ilikuwa ya gauni jeupe la lesi, shingo ya juu, mikono mirefu iliyobana, kiuno chembamba ajabu, na mkia mrefu wa kuburuta nyuma. Nikasema sawa, pattern yake ninayo.

Nikachukua tepu nimpime Linet. Akarudi nyuma hatua moja.

Akasema hakuna haja. Yeye ni saizi kumi na nne, nguo zake zote za mtumba ni kumi na nne, nishone kumi na nne.

Mama yake akamwangalia kwa muda. Halafu akanigeukia mimi.

"Gauni ya bibi arusi haivaliwi na mtu mwingine," akaniambia. "Wewe usiijaribu. Hata ile sanamu yako ya mbao usiivalishe. Mwenye kuijaribu ni Linet peke yake. Ukikiuka hapo, hiyo kazi sio yangu tena."

Nikakubali. Hiyo imani sijui aliitoa wapi, lakini mteja ni mteja.

Tatizo ni kwamba Linet hakuja kulijaribu. Nikimpigia Jumatatu, ana kazi. Nikimpigia Alhamisi, mafua. Wiki mbili zikaisha, ya tatu ikaanza, na mimi nashona kwa kufuata karatasi, mstari wa kumi na nne, bila kumwona mwenye mwili.

Ijumaa ikafika. Harusi ni Jumapili. Linet akasema atapitia saa kumi alichukue.

Saa tisa gauni lilikuwa tayari. Lilining'inia pale nikaliangalia, nikaona raha, halafu nikaona hofu. Je, kama mkono ni mfupi? Je, kama mgongo umevuta? Na mimi pia navaa kumi na nne.

Kiherehere.

Nikavuta pazia la kona ya kujaribia nguo. Nikajiambia ni dakika moja tu, hakuna atakayejua.

Mikono iliingia kwa shida, nikasema ni lesi mpya. Kiuno kikakataa kidogo, nikatoa pumzi. Zipu ilikuwa ubavuni, nikaivuta juu taratibu, nikisali. Ikapanda. Chini kidogo ya kwapa ikakamata bitana.

Nikaivuta juu, wapi. Nikaivuta chini, wapi.

Nikavuta kwa nguvu, kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilijua kimeumana.

Gauni lilikuwa limenikaza kifua mpaka napumua kwa awamu. Mikono ilibana hivi kwamba viwiko vilikunja nusu tu. Makasi niliyaona pale mezani na niliweza kuyafikia, lakini kuyageuza yanielekee ubavuni singeweza. Kulivua kwa kupitia kichwani singeweza. Kuketi singeweza. Nilisimama wima nyuma ya pazia, mabati juu yakichemka, jasho likianza kunitoka, na kila tone nikiliomba lisiguse lesi.

Baadaye nilikuja kusoma nyuma ya ile bahasha. Kulikuwa na jedwali la vipimo kwa inchi, limeandikwa wazi. Kumi na nne ya karatasi si kumi na nne ya mtumba. Ni ndogo kwa karibu inchi mbili. Maandishi yalikuwa pale wiki zote tatu, mimi nikiangalia picha tu.

Ningeweza kulipasua kwa nguvu. Lakini Jumapili kuna harusi, na hakuna gauni lingine. Nikilipasua, nimempasulia msichana wa watu siku yake, na jina langu nimelizika. Nani atamletea kazi fundi aliyechana gauni la bibi harusi akiwa amelivaa yeye?

Saa kumi ikafika. Linet hakuja.

Nikasikia majirani wakifunga, mmoja mmoja. Nikasikia kicheko cha Nyaboke wa kibanda cha pili, rafiki yangu, akiaga. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Nyaboke nampenda, lakini habari ikiingia kwake haihitaji redio.

Saa kumi na moja nikasikia viatu vya Mniko uani.

"Kuna mtu?" akauliza.

Ndugu zangu, nilinyamaza.

Nilikuwa na nafasi ya kutoka pale na nikanyamaza kwa aibu. Sikutaka mzee wa watu anione nimebanwa ndani ya gauni la harusi na mimi sina hata mchumba. Nikazuia ile pumzi kidogo niliyokuwa nayo. Viatu vikaondoka. Nikasikia mnyororo, halafu kufuli.

Mpaka Jumapili.

Nilihesabu haraka. Usiku wa Ijumaa, Sabato nzima, usiku mwingine. Nimesimama. Machozi yakaja, hata kuyapangusa sikuweza.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi. Nikatoka nyuma ya pazia kwa hatua ndogo ndogo, nikainama kutoka nyongani kama mlango kwenye bawaba, nikaipokea kwa kidevu.

Alikuwa Linet. Gari lao lilikuwa limeharibika Rongo, ndiyo maana akachelewa. Sasa yuko nje ya geti na mlinzi anamwambia Sabato imekaribia. Akauliza kama aende tu nyumbani, labda kesho tuone.

Nilitaka kumwambia nenda. Walahi nilitaka. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini.

"Mpe Mniko simu," nikamwambia. Mniko alipoishika nikamwambia niko ndani, nilisinzia, amfungulie mteja wangu. Alinung'unika, akafungua. Nikamwomba Linet aingie peke yake.

Akaingia. Akaniona.

Nikaanza kuomba msamaha haraka haraka, nikichanganya mambo ya zipu, bitana, karatasi na shetani. Akainua mkono ninyamaze.

"Wewe unavaa ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne. Kama wewe."

"Na imekukataa?"

"Imenikataa."

Akaketi kwenye benchi. Akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, halafu nikaona mabega yanatikisika na si kicheko tena. Akafungua lile koti kubwa alilokuwa amevaa kwenye joto lote lile.

Mimi nimeshona nguo za wajawazito miaka kumi na moja. Sikuhitaji kuambiwa.

"Miezi mitano," akasema. "Bwana arusi anajua. Wewe ni wa pili."

Akaniambia yote akiwa ameinamisha kichwa. Baraza likijua, hakuna harusi kanisani, na mama yake yuko kwenye hilo baraza. Alikimbia tepu yangu kwa sababu tepu ingemsema. Alisema kumi na nne kwa sababu ndiyo aliyokuwa akivaa zamani. Halafu akakaa wiki tatu akijua kuna gauni linashonwa ambalo halitamwingia, na hana mdomo wa kusema liongezwe.

"Kata," akaniambia.

"Linet, mama yako..."

"Kata, yawa. Nimeomba hii gauni ipotee. Nilikuwa nataka kuomba ichomeke, nikakumbuka itachomeka na kibanda yako."

Alishika makasi yeye mwenyewe, kwa sababu mimi singeweza, nikamwelekeza afuate mshono wa ubavu. Lilipoachia kifua nilivuta pumzi mpaka nikaona kizunguzungu. Tukashikana mikono pale, wanawake wawili na gauni lililopasuka, tukalia vizuri kabisa.

Kisha nikatoa tepu. Safari hii akainua mikono.

Jua lilikuwa limebakisha kama saa moja. Nilifumua kiuno chote, nikakipandisha mpaka chini ya matiti. Nikakata ule mkia mrefu wa nyuma, nikapata vipande vya kuongeza ubavuni na mikononi. Nilibana kwa pini, nikakunja kila kitu nikaenda nacho nyumbani, na Sabato ilipoanza sikugusa uzi. Jumamosi jua lilipozama tu, nikakaa kwenye cherehani yangu ya mkono ya nyumbani, nikashona mpaka nikamaliza.

Jumapili alfajiri nilikuwa barabarani kwenda Homa Bay.

Tulimvalisha Linet chumbani kwao. Liliingia bila kelele. Lilianguka kutoka chini ya kifua mpaka sakafuni, laini, na usingejua kitu. Shangazi zake wakapiga vigelegele.

Mlango ukafunguka. Mama Linet.

Akawaomba shangazi watoke. Mimi nikafuata, akanishika mkono nibaki.

Akalizunguka gauni mara moja. Mara mbili.

"Hii sio ile ya picha," akasema.

Nilikuwa nimeandaa uongo njia nzima, eti kitambaa kililowa kikarudi, kikapungua. Haukutoka. Linet alikuwa ameganda katikati ya chumba, mikono juu ya tumbo, macho chini.

Mama akapiga magoti. Akageuza mshono wa ubavuni, akaupima kwa kidole gumba.

"Umewacha nafasi ya kufungulia?" akaniuliza.

"Inchi mbili kila upande, mama."

"Sawa. Hiyo itamtosha hata akila."

Linet akainua uso.

"Mama, unajua?"

"Tangu mimba ikiwa ya miezi miwili. Mimi nilikuzaa, Linet. Nilichagua kiuno nyembamba ndio uje uniambie, mama, sitaingia. Nikakataza mtu mwingine kuijaribu ndio lazima ujaribu wewe. Wiki tatu nimengojea hiyo sentensi moja."

"Niliogopa ungesema mbele ya baraza."

Mama Linet bado alikuwa amepiga magoti, na mkono wake ulikuwa umehama kutoka kwenye mshono hadi kwenye tumbo la bintiye.

"Gauni yangu mimi waliibana," akasema. "Nilianguka kabla ya kiapo. Na wewe ndio ulikuwa ndani."

Mimi nilitoka nje. Kuna mambo fundi hapaswi kuyasikia, na tayari nilikuwa nimesikia mengi.

Harusi ilifanyika. Mtoto sasa anatambaa. Baraza lilihesabu miezi, kama mabaraza yanavyohesabu, na Mama Linet akaandika barua ya kujiuzulu kabla hawajamaliza kuhesabu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Linet alificha na akazaa, lakini tuliteseka wote. Yeye alinyamaza kwa woga, mama yake kwa ubishi, na mimi kwa aibu, pazia likiwa limefungwa na mlinzi akiuliza kama kuna mtu.

Kwa hivyo nawaambia, ukikwama, itika unapoitwa. Aibu ya kutolewa ni ya siku moja.

Na kwenu mafundi wenzangu: pattern ni nzuri, zitumieni, lakini msishone namba. Mpimeni mtu. Na mteja akikataa tepu, usimkasirikie. Mpe kiti, mpe maji, na usiwe na haraka ya kukata kitambaa.