Mtaro Uliochimbwa Kama Kisima

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kwanza kupata diploma, na hadi ninapoandika haya wa pili hajatokea. Ni diploma ya mawasiliano na mitandao. Imetundikwa sebuleni kwangu ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni akishaketi hana kitu kingine cha kutazama. Baada ya kuipata nilikwenda Ghuba, nikapitisha nyaya katika majengo ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka, nikapanda cheo hadi nikawa nasimamia watu wa nchi ambazo sikujua zipo. Nilirudi na akiba, gari na mgongo mzima. Wengi waliokwenda nami wamekosa angalau kimoja kati ya hivyo. Nilijitengeneza mwenyewe, ukiondoa ngamia jike mmoja ambaye mama mdogo alimuuza ili nilipe karo ya mwaka wa kwanza.

Mama mdogo ni ndugu ya mama yangu. Ni mjane, na watoto wake wote ni mabinti walioolewa mbali. Kazi yake ni kukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, kuyachuja, kuyatia katika mitungi na kuyapakia katika gari la alfajiri kwenda Garissa, ambako basi huyapokea na kuyafikisha kwa mnunuzi wake Eastleigh. Kituo chetu kiko ndani kidogo, ukiiacha barabara ya Garissa kwenda Dadaab. Mnara wa simu tunao. Unaendeshwa kwa jenereta, na jenereta inaendeshwa kwa dizeli ikiwepo. Kwa kawaida dizeli huisha kabla ya alfajiri, saa ile ile ambayo mama mdogo anahitaji kujua Nairobi wanataka mitungi mingapi.

Mara kadhaa alipakia maziwa bila kuulizwa, yakachachukia huko huko yalikoshushwa. Mnunuzi akatuma ujumbe kupitia kwa dereva: kuanzia Ramadhani atachukua maziwa kwa mtu anayepatikana alfajiri, na kama si yeye, kuna mama mwingine upande wa Dadaab. Ramadhani ndiyo inayolisha miezi iliyobaki katika biashara ya maziwa. Mama mdogo alinieleza hayo huku akiosha mitungi, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, kisha akaniuliza kama kile cheti changu kinafanya kazi au ni cha ukutani tu.

Faiba, ule waya wa intaneti, ilikuwa inapita kando ya barabara kuu, chini ya ardhi, ikitupita sisi kwenda kwa wengine. Nilichukua jukumu.

Kwanza nilimwita mkandarasi kutoka Nairobi. Alikuja na gari la polisi nyuma yake, akatazama nchi yetu kupitia dirisha lililofungwa, akarudi na kutuma makadirio. Waya wenyewe ulikuwa bei nafuu. Hilo nililijua, nimeununua sana. Kilichokuwa ghali ni udongo. Kuchimba mita moja, ukijumlisha ulinzi na kitu alichokiita hatari, kulikuwa sawa na bei ya mbuzi mmoja aliyenona. Kutoka barabarani hadi kwetu kuna mita nyingi kuliko mbuzi, hata mwaka wa mvua, na ule haukuwa mwaka wa mvua. Benki moja ilikubali kutukopesha. Wazee waliuliza kama kuna riba, na mazungumzo hayo yaliisha kabla chai haijaletwa.

Ndipo nikatafuta mfadhili. Kuandika ombi la ufadhili si kazi ya kila mtu. Niliandika langu kwa Kiingereza ambacho, nasikia, ofisini kwao kilisomwa kwa sauti. Jibu likaja: watatoa waya, mabomba na mitambo, ikiwa jamii itabeba nusu ya gharama, na nusu hiyo si lazima iwe fedha. Wangehesabu kazi. Jamii yenyewe ikichimba mtaro, huo ni mchango wake. Nikawajibu kwamba jamii iko tayari kabisa. Jamii niliiuliza baadaye.

Tulikutana baada ya Alasiri chini ya kivuli cha mabati ya duka. Nilieleza kwa ufasaha. Hakuna aliyepinga mtandao. Walichopinga ni sururu. Kwetu mtu huchimba vitu viwili, kisima na kaburi. Mtaro ni kibarua, na mwenye ngamia hafanyi kibarua mbele ya ngamia wake. Mmoja alishauri tuwatafute watu wa bara wazoefu. Nikamwambia hao ndio wale wa mbuzi kwa mita.

Adeer, ndugu ya baba yangu, ndiye anayesimamia zamu kwenye visima vya ukoo. Yeye akauliza kile kitu kikifika, watu watakitumia wote pamoja au kwa zamu. Nikasema wote pamoja, ila mtambo wa kwanza unatosha nyumba chache tu, na wa pili utakuja mfadhili atakapopenda.

"Basi kuna zamu," akasema. "Na kinaisha?"

"Hakiishi, adeer. Ukilipa kila mwezi."

"Hicho ni kisima," akasema, na watu wakaanza kuinuka kwa sababu neno limetoka.

Kisima kina sheria zake. Kila nyumba hupewa kipande chake cha kuchimba. Anayemaliza kwanza ndiye mifugo yake hunywa kwanza. Asiyechimba hanyimwi maji, maana hilo ni haramu, lakini husubiri hadi wengine wote wamalize na tope limetulia. Adeer aliutembea mstari wangu wa vigingi kwa fimbo yake, akagawa vipande kwa kura, na asubuhi iliyofuata wanaume waliokataa kibarua walikuwa wamevua mashati, wanaimba. Nimesimamia kazi nchi za watu na sijaona mtaro ukienda kasi namna ile, wala bure namna ile.

Tatizo lilikuwa kina. Mimi niliagiza mita moja. Lakini mchimba kisima haachi kazi magotini, ni aibu kwake na kwa wajukuu. Afisa wa mfadhili, mama mmoja kutoka bara, mpole, mwenye viatu imara, alipokuja kukagua alikuta sehemu ambapo sauti za watu zinasikika na vichwa havionekani. Alishusha futi yake shimoni, akaitazama mara mbili. Akaeleza kwa upole kwamba wao watahesabu mita moja, na kinachozidi hapo hawataweza kukilipia.

Mzee mmoja akamjibu kutoka chini. "Hii ni kisima, mama. Kisima haina kibimo."

Afisa aliandika kitu. Nilibishana naye juu ya thamani ya mita moja, kwa kuwa alitaka kuihesabu kwa bei ya kibarua wakati makadirio ya mkandarasi yalikuwa na ulinzi ndani yake. Nikamwambia nasi tuna ulinzi, tunajilinda wenyewe. Akacheka, akaongeza. Nusu yetu ikatimia kwenye karatasi zake bila shilingi kutoka mfukoni mwa mtu. Naomba hilo likumbukwe.

Lakini kura ilikuwa imempa mama mdogo kipande karibu na bwawa la mifugo, kwenye ardhi nyeupe ngumu ambayo sururu ikigonga inarudi na salamu. Hana mwana wa kiume, na mwanamke haingii kisimani. Kipande kilibaki vile vile huku vya jirani vikishuka. Nilikwenda kwa adeer nikamwambia nitakodi vijana wawili kutoka Garissa mjini, kwa fedha zangu, na nitawalipa vizuri. Nilidhani nimemaliza jambo.

Adeer aliuliza hao vijana kwao ni wapi. Nikamwambia Kitui.

"Basi mtandao tutawashia Kitui," akasema.

Ndiyo sheria. Kisima kilichochimbwa na wa kukodiwa haki yake inaondoka naye. Nikamkumbusha kwamba hiki si kisima cha ngamia, kwamba mimi ndiye mhandisi, na bila mimi wasingekuwa na mtaro wa kubishania. Alikubali yote. Alisema pia kwamba mhandisi ana mikono.

Ramadhani ilikuwa inakaribia na nyumba mbili zilikuwa zimeshamaliza. Nikavua shati.

Watu walitoka dukani kuja kutazama. Adeer aliletewa kiti. Nilifanya kazi bila kuinua uso, nikagonga ile ardhi nyeupe kwa sururu hadi meno yakauma, na yeye akawa ananitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua.

"Waryaa, kijana," akasema mwishowe. "Diploma ndiyo iliyokufundisha kushika sururu hivyo?"

"Diploma ilinifundisha kutoishika kabisa, adeer."

Hilo walilipenda. Mmoja akashuka kunionyesha jinsi ya kuachia uzito wa chuma ufanye kazi, na adeer akamwamuru atoke, maana akigusa udongo huo kutakuwa na mjadala juu ya nani atawashiwa mtandao. Akatoka. Nikaendelea peke yangu siku zile zote, na nikachimba mita moja kamili, si zaidi, chini ikiwa tambarare kama meza. Afisa aliporudi alisema hicho ndicho kipande pekee cha mtaro mzima kinachofuata mchoro. Nilimwomba alirudie hilo kwa sauti kubwa kidogo.

Mama mdogo alikuwa akiniletea maziwa adhuhuri. Kwetu mkubwa humwita mtoto kwa lile lile jina ambalo mtoto humwita yeye, kwa hiyo aliniita habaryar, mama mdogo, akashika viganja vyangu, akavigeuza.

"Habaryar," akasema, "ngamia wangu amerudi ana malengelenge."

Nilikunywa maziwa.

Nilimaliza wa tatu. Mafundi walivuta waya, nikawasimamia na kuwasahihisha mara nyingi, na nyumba ya mama mdogo ikawashwa ya tatu, kama sheria ilivyotaka, Ramadhani ikiwa haijaandama. Wapo waliochimba kaburi la jitu na wakawashwa wa saba.

Alfajiri ya kwanza nilikwenda kumwonyesha jinsi ya kupiga simu ya video. Mnara ulikuwa umelala kama kawaida yake. Taa ya kile kisanduku ukutani ilikuwa kijani. Mnunuzi alipokea upesi, hakujua kwamba anaonekana, akaanza kusema kwamba hali ni ngumu, soko limelala, yeye mwenyewe ni mgonjwa tangu jana na hata sasa yuko kitandani, kwa hiyo bei itabidi ishuke.

Mama mdogo alikisogeza kioo cha simu karibu na uso wake akakitazama vizuri.

"Naona sambusa ngapi hapo mezani?" akamuuliza.

Mnunuzi akaiondoa sahani mezani. Kisha wakapatana bei ya zamani na mitungi yote iliyokuwa mlangoni, na dereva akaanza kupakia.